Gitaa la Mbaraka na risiti ya binti yangu

Jumapili moja ya likizo tulikuwa uani tunaosha tangawizi iliyoteremshwa jana yake kutoka Mamba Miamba. Binti yangu wa mwisho, aliye kidato cha pili, aliacha kuosha, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Baba, naomba uninunulie gitaa."

Kabla sijafikiri, mdomo ulikwishajibu: "Gitaa linamlisha nani?"

Mama yake akanitazama. Alijua, nami nilijua, kwamba maneno yale si yangu. Ni ya marehemu baba yangu. Aliyatamka mwaka 1974 akiwa amesimama mlangoni pa jikoni, akimwambia kaka yangu mkubwa. Lakini baba yangu alikuwa na udhuru, maana hakupenda muziki wa dansi hata kidogo. Mimi nimemsikiliza Mbaraka Mwinshehe karibu miaka 50. Simu hii ninayoandikia ina nyimbo zake nyingi kuliko picha za watoto wangu. Mtu wa namna hiyo anapata wapi ujasiri wa kumwuliza mtoto gitaa linamlisha nani?

Binti hakujibu. Alirudi kwenye beseni. Juma zima nimekuwa nikijibizana naye kichwani, na kila ninapotafuta la kusema najikuta narudi kwa Mbaraka. Kwa hiyo wazazi wenzangu mniwie radhi. Leo ukurasa huu hauna dawa ya mtoto asiyekula wala ushauri wa ada. Leo ni gitaa.

Nyumba yetu ilikuwa mlimani, juu ya Makanya, upande ule ambao Wasabato walifika zamani za Wajerumani na wakaota mizizi. Nyumbani kulikuwa na Biblia, Nyimbo za Kristo, na redio moja iliyovalishwa kitambaa kilichodariziwa na mama. Redio ilifunguliwa kwa taarifa ya habari na kufungwa. Ijumaa jua likianza kushuka ilizimwa, na haikuguswa tena mpaka Jumamosi jua lizame. Betri zikichoka tulizianika juu ya bati pamoja na mahindi, zikapata uhai wa siku mbili tatu.

Lakini baba alikuwa na shamba la mbali, na taarifa ya habari haikuwa kitu pekee kilichopita hewani. Siku hizo Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilikwenda kurekodi kwenye studio zake, wote wakipiga pamoja mwanzo hadi mwisho. Mmoja akiteleza, wote wanarudia. Baba akishavuka kijito, kaka alikuwa anafungua redio kwa sauti ya chini, sikio limebanwa kwenye kitambaa cha mama, huku vidole vya mkono wa kushoto vikitembea juu ya mpini wa jembe. Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Nilidhani anaumwa.

Alikuwa anajifunza Morogoro Jazz.

Kwa vijana wanaosoma ukurasa huu na kumjua Mbaraka kama jina la zilipendwa tu, nieleze kidogo. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa Mzenga, Pwani, mwaka 1944. Mwaka huohuo, mjini Morogoro, ndipo ilipoanzishwa Morogoro Jazz, bendi atakayokuja kuipa jina. Morogoro ya miaka ya 60 ilikuwa na timu mbili kama Simba na Yanga: upande mmoja Morogoro Jazz, upande mwingine Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Salum alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Miaka hiyohiyo kijana Mbaraka, aliyekuwa na umri wa kuanza maisha tu, alikuwa ameshika gitaa la solo upande wa pili wa mji.

Bendi za dansi zilijitambulisha kwa mitindo, na mitindo ya Morogoro Jazz iliitwa Sululu, Masika, Likembe. Likembe ni ala ya Wakongo ya kupigwa kwa vidole gumba. Lakini tazama hayo mawili ya kwanza: sululu na masika. Hayo ni maneno ya mkulima. Mtu wa kwetu, ambaye mwaka wake wote ni kutazama mawingu juu ya Shengena na kuuliza kama mvua itashuka mpaka tambarare au itaishia milimani, hahitaji kufafanuliwa masika ni furaha ya namna gani.

Sasa gitaa lenyewe. Hapa nitakaa kidogo, maana watu wengi humsifu Mbaraka kwa maneno ya nyimbo zake, na gitaa wanalichukulia kama maji yaliyochemshia makande.

Bendi ya dansi ilikuwa na magitaa matatu au manne. Besi linashika ardhi. Rizimu linazunguka palepale, duara moja kwa dakika nzima, na anayelipiga hasifiwi na mtu. Wakati mwingine kuna solo la pili linalojaza mapengo. Juu ya yote kuna solo lenyewe, linalopanda kwenye nyuzi nyembamba na kusema. Wimbo huanza taratibu: watu wanaimba, kisa kinasimuliwa, solo linaitikia mwisho wa kila mstari. Kisha unafika mahali waimbaji wananyamaza, ngoma zinakaza, na solo linabaki mbele peke yake. Hapo ndipo kwenye chemko. Kwenye ukumbi, hapo ndipo mwenye soda mkononi huitua mezani.

Mbaraka alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo wa bendi moja, kwa wakati mmoja. Watu wengi hawaoni uzito wake mpaka wajaribu. Kaka aliwahi kunionyesha: imba mstari, na kabla pumzi haijakwisha vidole viwe vimeshaanza kujibu. Mtu mmoja anaongea na nafsi yake kwa midomo miwili. Ndiyo maana gitaa lake halisikiki kama pambo. Linasikika kama mke anayemsahihisha mume katikati ya hadithi, kwa upole, lakini lazima neno lake liingie.

Na hakuwa na haraka. Ukisikiliza wapigaji wengi wa leo, wanapofika kwenye chemko wanamwaga kila walicho nacho mfukoni. Mbaraka anachukua kipande kifupi cha noti nne tano, anakirudia, anakigeuza kidogo, anakirudia tena, mpaka unakizoea kabisa, ndipo anakipandisha juu ghafla na wewe moyo unapanda nacho. Walimwita Soloist National. Wengine walimwita Franco wa Tanzania, wakimfananisha na Luambo Makiadi wa Kinshasa. Ilikuwa heshima kubwa, ingawa mimi jina hilo silipendi. Franco ni mto uliojaa. Mbaraka ni mfereji wa kumwagilia: maji ni machache, yanapelekwa kwa akili, na kila jaruba linapata.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Osaka, Expo 70. Mbaraka akairudisha safari ile nyumbani kwa wimbo wenye jina hilohilo. Alikuwa na miaka 26. Binti yangu, ambaye kwenye simu anatazama wapigaji wa roki wa Ulaya na Marekani, aliponitajia Jimi Hendrix nilimwambia nenda kahesabu. Hendrix alizaliwa mwaka 1942 huko Seattle, miaka miwili kabla ya Mbaraka, akafia London Septemba 1970. Dunia nzima inajua alichofanya na gitaa lile. Mwezi aliokufa ndio maonyesho ya Osaka yalifungwa. Wapigaji wawili wa rika moja, mwaka mmoja, mmoja anazimika na mwingine anatoka Morogoro kwenda kuonekana na dunia. Sisemi nani zaidi. Nasema mtoto wa Kitanzania anapaswa kuwajua wote wawili.

Kisha kuna wimbo wa Dk. Kleruu. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa na mkulima huko Isimani, katika joto la siasa ya vijiji vya ujamaa. Mbaraka akatunga maombolezo. Nilipokuwa mtoto niliusikia kama wimbo wa serikali. Nilipokuwa mtu mzima, nimekwisha kuzika, ndipo nilipolisikia gitaa. Baba hakupenda dansi, nimesema, lakini wimbo ule ulipopita redioni hakuinuka kuzima. Alikaa. Alipokwisha alisema tu, "Huyu kijana angeweza kuimba kanisani." Kwake yeye hakukuwa na sifa juu ya hiyo. Kaka alilichukua neno lile kama ruhusa. Haikuwa ruhusa.

Kaka alikuwa na gitaa kavu, lile lililoitwa galatoni, alilolinunua kwa mfanyakazi wa mkonge kwa fedha za kibarua. Alilificha kwa rafiki yake. Mwaka 1974 baba alilikuta. Hakulivunja, msije mkamdhania vibaya, maana sisi Wapare hatuvunji kitu kilichonunuliwa kwa fedha. Alilirudisha kwa aliyeliuza na kudai fedha, na alipewa, ikiwa pungufu ya shilingi tano, ambazo alizifuatilia miezi minne. Huku akidai shilingi tano, kaka aliteremka Makanya usiku, akapanda treni ya Tanga, akaondoka.

Nyumbani jina lake halikutajwa mezani miaka sita.

Naye Mbaraka alikuwa ameondoka kwake. Mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz akaunda Orchestra Super Volcano. Mashabiki wa wakati ule waligawanyika kama ndugu kwenye urithi. Nami niliendelea kujiuliza: mtu aliye kileleni, bendi ina jina, nyimbo zinapigwa kila siku, anaondoka kwa nini? Siwezi kusema yaliyokuwa moyoni mwake. Lakini niliyoyajua baadaye kuhusu kazi ile kwa jumla yalinipa macho mapya.

Bendi nyingi za dansi zilikuwa mali ya klabu, ya mwenye fedha, au, kadiri miaka ilivyokwenda, ya mashirika na vyombo vya umma. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Mpiga gitaa bora nchini angeweza kuwa hana gitaa. Anapiga mpaka alfajiri, anaweka gitaa la mwenyewe ndani ya sanduku, linafungwa kwa kufuli, anakwenda kulala. Ukigombana na mwenye bendi hutoki na chochote isipokuwa vidole vyako na jina lako. Ndiyo maana wanamuziki walihamahama: anayekuja na vyombo vipya ndiye aliyewachukua watu. Kuanzisha bendi yako, kama alivyofanya Mbaraka, si suala la kipaji peke yake. Ni kupata spika, ngoma, magitaa na gari, na watu wa kukuamini kabla hujawalipa.

Kwa Super Volcano alifanikiwa kwa kishindo. "Shida" ni ya miaka hiyo, na nadhani hakuna Mswahili wa rika langu, kutoka Lamu mpaka Mtwara, asiyeweza kuuitikia wimbo ule. Kuna "Pesa No. 1", na kuna ule wa mashemeji ambao bado unanifanya nimtazame shemeji yangu kwa jicho la pembeni akija kukopa. Mtazame mtu huyo alichokuwa anatunga: shida, pesa, mashemeji. Ni mambo ya ukurasa huu huu. Angekuwa hai ningempisha kiti.

Ila sahani za santuri hazikutengenezwa kwetu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa. Ukitaka wimbo wako uwe kitu ambacho mtu anaweza kununua na kukipeleka nyumbani, ulielekea Nairobi. Na Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki inakufa. Kwetu Same tulilijua jambo hilo vizuri, maana mpaka uko nyuma ya mlima: ng'ambo ya Mkomazi ni Tsavo. Ulibaki umefungwa mpaka mwaka 1983. Watu walivuka hivyo hivyo, kwa njia wanazozijua, na muziki ulivuka kuliko watu.

Mbaraka alifia upande ule. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 12 Januari 1979, kwa ajali ya gari huko Mombasa. Alikuwa na miaka 34.

Nchi ilikuwa kwenye vita vya Kagera, na baba alikuwa anafuatilia kila taarifa ya habari kama mtu aliye na mwana jeshini. Hakuwa na mwana jeshini. Alikuwa na mwana asiyejua yuko wapi. Lakini hata vita havikuivunja Sabato yetu: Ijumaa jioni redio ilizimwa, Jumamosi ikakaa kimya chini ya kitambaa. Jumamosi usiku betri ziligoma. Habari tuliipata Jumapili asubuhi, kwa mtu aliyepanda kutoka Makanya akiwa na gunia la chumvi. Alisema tu, "Mbaraka amekufa," bila kutaja jina la pili, kama anavyotajwa mtu wa kijiji.

Nilikuwa na miaka 15 na nikalia mbele ya watu. Baba hakunikemea. Alimwuliza yule mtu swali moja: "Walikuwa wangapi kwenye gari?"

Yule bwana hakujua. Baba akashika jembe akaenda shambani, akarudi usiku. Mama ndiye aliyenieleza, miaka mingi baadaye, kwamba siku ile baba hakulima. Aliteremka mpaka stesheni ya Makanya kuuliza kama kuna njia ya kujua majina. Alidhani, kwa akili yake ya mlimani, kwamba wapiga gitaa wote wa nchi hii wako bendi moja, na kwamba mwanawe yumo.

Kaka hakuwa na Mbaraka, na hakuwahi kuwa naye. Alikuwa Tanga, kwenye bendi ambayo sitaitaja, anapiga rizimu, lile duara lisilosifiwa na mtu. Alirudi mwaka 1980 akiwa na mfuko mmoja wa nguo. Gitaa hakuwa nalo. Miaka sita alipiga gitaa la mtu mwingine. Miezi mitatu ya mwisho hakulipwa, na alipodai aliambiwa vyombo vimeharibika mikononi mwake, kwa hiyo ndiye anayedaiwa. Baba alimpokea, akachinja mbuzi, na hakuuliza kitu. Lakini wiki mbili baadaye, tukila, alisema yale maneno mara ya pili na ya mwisho. Safari hii hakuyasema kama swali: "Gitaa linamlisha mwenye gitaa."

Kwa miaka mingi nililiona lile kuwa neno la ushindi, baba anamsimanga mwanawe. Siku hizi sina hakika.

Baada ya kifo cha Mbaraka, kampuni ya Polygram ya Nairobi ilitoa mfululizo wa santuri ndefu zenye jina Ukumbusho, zimejaa nyimbo zake. Nyimbo zile ziliingia kwenye kanda, kanda kwenye sidii, sidii kwenye simu. Ukipanda basi la Arusha leo, ukifika Hedaru dereva anamweka Mbaraka, na abiria aliyezaliwa mwaka 2000 anaimba. Ni nani anayelishwa hapo? Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, iliyoleta COSOTA, ilitamka kwamba haki za mtunzi zinadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Hesabu kutoka 1979 unafika 2029. Wakati watu wengi wa nchi hii wanaanza kusikia neno hakimiliki, Mbaraka alikuwa ameshalala kaburini miaka 20. Mimi mwenyewe nyimbo zangu zote nilizipata kwa kurushiwa na rafiki. Sijawahi kutoa hata senti, na ninajiita shabiki.

Basi hilo ndilo lililokuwa limejificha ndani ya jibu langu siku ya tangawizi. Siogopi binti yangu kupiga gitaa. Naogopa apige vizuri. Anayepiga vibaya huacha mwenyewe na kurudi kwenye masomo. Anayepiga vizuri huondoka kwa treni usiku, na treni yenyewe siku hizi ni simu. Haondoki hata nyumbani, na bado ameondoka.

Jumatano nilikwenda kwa kaka. Ana kibanda cha ufundi redio hapa Same mjini, ingawa sasa kazi kubwa ni chaja na spika za bodaboda. Nilimweleza. Nilitaka, nakiri, anisaidie kukataa. Nani mwingine ana haki ya kukataa kuliko yeye?

Aliendelea kuchomea waya. Kisha akauliza, "Anatumia mkono gani?"

Wa kushoto. Binti yangu ni wa kushoto kwa kila kitu. Marehemu baba yangu alitupiga kwenye vidole kwa kosa hilo, na mimi angalau hilo sikumrithi.

"Basi nyuzi zitageuzwa," kaka akasema. "Ukimpa lililofungwa kwa mkono wa kulia atajifunza kinyume."

Nikamwambia Hendrix naye alikuwa wa kushoto, alipiga gitaa la kulia amelipindua. Akasema hamjui huyo, lakini kama alilipindua alikuwa na akili. Kisha akazima chuma cha kuchomea, na akasema neno ambalo sikulitarajia kwa mtu ambaye kwa zaidi ya miaka 40 sijamwona akigusa uzi.

"Ukinunua, risiti iandikwe jina lake. Si lako, si la mama yake. Jina lake. Na aitunze yeye."

Nikamwuliza kama atamfundisha. Akasema hapana. Nikanywa chai yake nikaondoka.

Gitaa kavu tulilipata Moshi Jumamosi iliyofuata baada ya jua kuzama, nikiwa na mama yake na binti. Muuzaji alishangaa nilipomwambia aandike risiti kwa jina la mtoto wa shule, akaandika, akakosea herufi moja, nikamrudishia aandike upya. Mama yake alicheka njia nzima, akisema damu ya mzee wa shilingi tano haijapotea. Ada ya muhula ujao nitaipata kwa tangawizi, bei ikishika. Isiposhika mtaona safu hii imejaa matangazo ya kuuza mbuzi.

Makubaliano yetu na binti ni haya: shuleni haendi nalo, anapiga likizo tu, na Ijumaa jua likishuka gitaa linapumzika, kama ilivyokuwa redio ya babu yake. La pili alilikubali bila kubisha. La kwanza bado tunabishana, na kwa kweli naona ananizidi hoja.

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa baba mkubwa wake kusalimia, gitaa mgongoni. Shikamoo, marahaba, kisha ikawa saa nne, ikawa saa nane. Aliporudi nyuzi zilikuwa zimegeuzwa zote na vidole vimevimba.

"Amekufundisha nini?" nikamwuliza.

"Kitu kimoja tu," akasema, amekasirika. "Duara. Saa tatu nzima, duara lile lile. Nimemwomba anifundishe solo, amesema bado."

Sasa ni usiku, ninamalizia kuandika, na duara lenyewe linasikika chumba cha pili. Anakosea mahali palepale kila mara. Anarudi mwanzo.

Barua zenu kuhusu watoto na simu usiku zimenifikia, ni nyingi. Tutazifungua juma lijalo.